Jina Fupi ya Kasupuu: Chimba Kwenu Kwanza

Ingia kliniki ya watoi asubuhi yoyote huku Eastlands, kaa kwa benchi, skiza vile nasi anaita watu. Akisema "Mama Zuri," mamathe watatu wanainuka na vitabu vya chanjo mkononi. Akisema "Mama Tiffany," wanainuka wawili. Precious, Blessing, Shantel, Kayla, Imani. Hizo ni majina poa, na mzazi mwenye alipeana alipeana na roho safi. Lakini siku hizi kuna form ingine imeingia mtaa. Msee akipata mtoi wa kike, haswa ule wa kwanza, anataka jina fupi, silabi mbili hivi, zikizidi sana tatu. Na anataka jina haina wenyewe wengi. Mtoi akiitwa darasani, ageuke yeye pekee.

Hiyo form naiunga mkono kabisa. Penye natofautiana na wasee ni mahali wanaenda kuitafuta hiyo jina.

Wengi wanaitafuta kwa simu. Saa sita usiku, mimba iko miezi saba, dem hana usingizi, mnaanza kuskroli. Mnapata zile orodha ndefu za Marekani na Uingereza: Mila, Ava, Isla, Lia, Mia, Nova. Mnapiga skrinishoti, mnatumiana mkiwa kitanda moja, mnabishana kidogo, asubuhi jina imeshapita. Sasa, hiyo orodha imesomwa na kila msee mwenye bundo. Jina yenye imetoka hapo haiwezi kukaa adimu. Ngoja miaka miwili utaiskia kila plot. Na kuna kitu kubwa kuliko hiyo: hizo majina hazijawahi kupimwa na midomo ya huku.

Chukua Lia. Huko kwao ni jina supuu, haina noma. Sasa simama balkoni ya ghorofa ya nne pale Pipeline, jioni, watoi wamejaa huko chini wakicheza bano na kamba, halafu uite kwa sauti: "Lia! Lia! Kuja ukule!" Plot mzima itatoka kucheki ni nani anapigwa. Chukua Mia. Mtoi akifika PP1, siku ya pili mabeshte wameshamgeuza Soo. Nina, Pia, Uma, zote ni majina za ukweli pahali pengine, lakini mtoi anaishi mahali Kiswahili iko kwa mathree, kwa kiosk na kwa kanisa. Kabla uandike jina, iskie kwanza kwa hiyo lugha, ju ndio itamlea.

Na ukimaliza Kiswahili, kuna Sheng. Mtaa ina mkono wake kwa majina na haingoji ruhusa ya mzazi. Wanjiku ni Shiku, Wanjiru ni Shiro, Njeri ni Njesh, Caroline ni Caro, Veronica ni Vero. Mabro zao ni Kevo, Brayo, Deno, Mwas, Otis. Hakuna mkutano ulikaa ukaamua. Jina ikiwa ndefu mtaa inaikata, inaweka o mwisho, ama sh, ama s, na hiyo ndiyo msee anazikwa nayo. Kuna mamorio nimejuana nao tangu tukiwa watoi na mpaka leo siwezi kukuambia kwa ID wameandikwa nani. Jina fupi ndio inaponea hapo. Ukimpa kasupuu jina ya silabi mbili, mtaa inapata kidogo sana ya kukata. Jina umechagua wewe ndiyo ataitwa kwa base, kwa shule na kazini.

Madem wengi wanaitwa Nyambura wanaijua hii stori vizuri. Kwa miaka walikuwa Nyash na hakuna mtu alicheka. Halafu ngoma za Naija zikaingia kila tenje, na Wanaija wakisema nyash wanamaanisha makalio. Sai Nyash wa watu wanaomba warudishiwe Nyambura yao mzima. Nawahurumia ukweli, ju ile kitu waliitwa na mapenzi imegeuzwa matusi na wasee hawawajui. Lugha ya mtaa inatembea, na huwezi kuizuia. Chenye unaweza ni kumpa mtoi jina imesimama mzima, hata ikikosa kufupishwa.

Sasa hiyo jina iko wapi? Mi nasema iko kwenu. Iko na shosho, susu, hawe, dani, kukhu, vile mnamwita kwenu. Iko kwa midomo ya wazee wenye bado wako, na inaisha nao.

Nilijionea na sistangu. Mathe wetu ni Mgiriama wa Kaloleni, mbuyu ni Mkamba, na sista ameolewa na Mjaluo wa Siaya. Mimba ikifika miezi nane alikuwa na majina mingi kwa simu, zote za ile orodha, na hakuna moja ilikuwa inamkaa. Jumapili moja, tukiwa kwake Umoja tukikula pilau, akaamua kupigia hawe, mamake mathe, simu, akaiweka spika katikati ya meza. Hawe hakuanza na majina. Aliuliza kwanza mimba inamsumbua wapi, anakula nini, na kama mume anamtunza. Ndipo akasema, "Haya, wataka majina? Keti nikuhesabie." Akaanza na mamake mwenyewe, akaenda kwa dada za mamake, akashuka kwa wake wenza wa babake. Kadzo. Sidi. Dama. Kache. Mbeyu. Nyevu. Jumwa. Kila jina alikuwa anaifuata na mtu: huyu ndiye alikuwa anafinyanga nyungu, huyu alikuwa na sauti ya kuita mvua, huyu aliolewa Rabai akarudi na mbuzi zake zote. Sista alikuwa ameshika kalamu na aliacha kuandika. Alikuwa anaskia watu.

Hebu ziangalie. Kadzo, Sidi, Dama, Kache. Silabi mbili mbili, safi. Kilifi utazipata kila kijiji, lakini Nairobi unaweza maliza shule mzima hujakutana na Kache. Hiyo ndiyo adimu ya maana: jina ina kwao, ina watu waliibeba, lakini kwa darasa ya mtoi wako iko peke yake.

Hawe alisema kitu ingine, kwamba kwa Wagiriama jina ni ya ukoo wa baba, kwa hivyo kama mume ni wa kwingine, aulizwe mamake pia. Shemeji akapigia mathake Siaya palepale. Yeye hakuwa na orodha. Alisema tu mngoje mtoto afike, mwangalie amekuja saa ngapi na siku gani. Wajaluo ndivyo wanafanya. Akija asubuhi ni Akinyi, jua kali ni Achieng', usiku ni Atieno, mvua ikinyesha ni Akoth. Hizo unazijua, ziko kila mahali. Lakini ukikaa na dani wa Kijaluo akuchanue, anatoa zingine fupi na hazishikwi na watu wengi: Aoko wa kuzaliwa nje, Awino wa kuzaliwa kitovu imemzunguka, Auma wa kuzaliwa amelala kifudifudi, Ayoo wa kuzaliwa njiani. Ni kama cheti ya kwanza ya mtoi, inasema alifika aje.

Na hiyo mila haimwogopi mgeni. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico 1983, na wazazi wake, kwa hiyo desturi ya Kijaluo ya kumwita mtoto kulingana na mahali na wakati amekuja, wakampa jina ya huko. Kwa hivyo ile jina fupi wasee walianza kuiskia kila mahali baada ya yeye kubeba Oscar 2014 ilitoka kwa utaratibu ya nyumbani, ikaokota neno ya Kihispania njiani. Wazazi wake hawakuiga mtu. Walifuata kwao, na kwao ikawapa kitu mpya.

Wakikuyu wako na shida yao, na naisema kwa heshima. Sheria yao ni tamu: msichana wa kwanza anaitwa mamake fathe, wa pili anaitwa mamake mathe, halafu wanaofuata wanaenda kwa maanti. Hakuna shosho anasahaulika. Lakini majina zenye zinazunguka sana ni zile za mabinti wa Mumbi, Wanjiku, Wanjiru, Wambui, Wangari, Wairimu na wenzao, kwa hivyo familia moja ikikutana Krismasi ocha unaweza kuita Wanjiku na wakuje watano. Ndiyo maana Shiku na Shiko na Ciku ziko. Ukiwa Mkikuyu na unataka jina fupi bila kumkosea shosho, muulize vile alikuwa anaitwa akiwa msichana, kabla awe mama ya mtu. Mara nyingi kuna jina ya pili, ya utani ama ya sifa, na hiyo hakuna binamu ameishika. Halafu kuna zile zimeachwa nyuma: Wahu, Wanja, Nduta, Njoki, Nyakio. Ukimpa mtoi Nduta leo, hata wazee wa kanisa watageuka.

Kando ya hapo utajiri ni mwingi mpaka mtu anashangaa watu wanatafuta nini kwa simu. Wakamba wako na Mueni, Mwende, Mumbua, Wayua, Ndinda. Wameru wako na Kendi, Kinya, Nkatha, Gakii, na mi kwangu Kendi ni kati ya majina tamu zaidi nchi hii. Wataita wako na Saru, Mghoi, Wakio, Wakesho. Waborana wako na Darmi na Tume. Waturkana wako na Akiru, jina ya mvua, na mahali mvua ni kitu ya kungojwa hivyo, hiyo ni zawadi kubwa. Wamaasai wako na Soila na Sein. Wakalenjin wako na Cherop wa mvua na Chebet wa mchana, na baada ya Beatrice Chebet kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29 kule Eugene 2024, mwanamke wa kwanza duniani, sijui ni mzazi gani anaweza sema hiyo jina ni ya ushamba.

Kama damu yenu imechanganyika, hizo zote mbili ama tatu ni zenu. Nairobi imejaa watoi wa hivyo. Mtoi wa Mkamba na Mluhya ana hazina mbili za kuchagua, na kuna watu wanapita zote mbili wakimbilie Isla.

Kuna mahali pengine pa kuchimba wasee hawakumbuki: wanamama wa historia. Kila mtu anamjua Mekatilili wa Menza, yule aliinua Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, wakamshika wakampeleka mpaka Kisii, akahepa akarudi Pwani. Lakini Mekatilili ni jina ya umama, ilikuja ju alizaa kijana anaitwa Katilili. Jina yake ya usichana ni Mnyazi. Mnyazi! Fupi, ngumu, haijashikwa na mtu kwa mtaa, na iko na mwanamke nyuma yake mwenye alisimama dhidi ya serikali ya kikoloni. Pale Murang'a kulikuwa na Wangu wa Makeri, aliongoza mwanzo wa karne ya 20 wakati uongozi ilikuwa inapeanwa kwa wanaume. Huko Gusii kulikuwa na Moraa wa Ngiti, aliwashow vijana wasimame dhidi ya wazungu 1908. Mji wa Mombasa wenyewe, wazee wanasimulia uliasisiwa na Mwana Mkisi. Mtoi akikua akiuliza "kwa nini mi naitwa hivi," una kitu ya kumjibu mpaka alale.

Na kama unafikiri jina haiwezi inua mtu, cheki Unguja. Kuna msichana alizaliwa Fumba, karibu 1880, akaitwa Mtumwa. Alikuwa anafinyanga na kuuza vyungu. Alipoingia mjini na sauti yake ikajulikana, watu wakampa jina ingine, Siti, jina ya mwanamke wa heshima. Ndiye huyo Siti binti Saad, mwenye alienda Bombay 1928 kurekodi, na taarabu ya Kiswahili ikaanza kusafiri kwa santuri. Silabi mbili. Watu waliangalia mtu mwenyewe, wakampa jina yenye inamtosha. Hata sasa Siti ni jina nzuri sana ya kumpa mtoi wa kike, na Nairobi ni wachache wako nayo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu majina za shida. Kuna zenye zilitolewa wakati wa njaa, kama Wayua kwa Wakamba na Nanjala kwa Wabukusu, na wazazi wengine wanaziogopa, wanasema utampa mtoto mkosi. Mi naziona tofauti. Huyo mtoi alizaliwa njaa ikiwa nje na akaishi, na jina inasema hivyo hivyo. Lakini usipeane jina ya shosho bila kuuliza aliipata aje. Kuna majina zilipeanwa kwa nyumba zenye watoto walikuwa wanakufa, ili kifo kipite mtoto, na mwenye kuibeba anaweza kuwa na uchungu hajawahi kuongea. Uliza kwanza. Akisema "msimpe hiyo," heshimu, ana sababu yake.

Ukishapata mbili ama tatu unazipenda, zipeleke kwa shosho wote wawili, wa fathe na wa mathe, na uwaskize wakizitamka. Nawaambia hii ndiyo kazi muhimu na watu wanairuka. Mkikuyu wa Nyeri ukimpa Leila atamwita Reira na mapenzi yote. Mjaluo wa zamani Shani kwake ni Sani, na Zuri ni Suri. Kwa Wakalenjin b na p zinabadilishana viti. Hakuna makosa hapo, ni vile ulimi ililelewa, na shosho hawezi kuanza kujifunza leo. Lakini huyu mtoi ataenda likizo ocha, atabebwa mgongoni, atafundishwa kukamua na kupika, na ni vizuri mtu anamlea aweze kuita jina yake bila kujikwaa. Kendi, Kache, Njoki, Mueni, hizo zinapita kwa midomo karibu yote. Kuna wanandoa wanachagua jina na shosho wa upande mmoja anaishia kumwita mtoi "kasichana" miaka na miaka, ju jina inamshinda. Hiyo inauma, haijalishi jina ni smart aje.

Kitu ingine ni spelingi, na hapa nakuwa mkali. Jina haikuwi adimu ju umeongeza h na y na k mbili. Zuri ikiandikwa Zuhrii bado ni Zuri, tofauti ni kwamba sasa mtoi atatumia maisha yake yote kuwaambia watu herufi moja moja. Anza na nasi wa zamu ya usiku mwenye anajaza fomu ya kuzaliwa akiwa amechoka. Akikosea, kosa inaingia kwa cheti ya kuzaliwa, cheti inaenda shule ju huko wanaiitisha wakimsajili mtoi, na kutoka hapo inafuata mitihani mpaka ID akifika miaka 18. Siku vyeti zikikosa kufanana ndio ataanza kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Najua msee alikosa kuanza chuo na wenzake ju ya herufi moja kwa jina yake. Kubadilisha jina ukiwa mkubwa kunahitaji wakili, hati ya kubadilisha jina, na tangazo kwa gazeti rasmi ya serikali. Ni doh na ni muda. Jina fupi, imeandikwa vile inatamkwa, inaondoa hiyo noma yote kabla ianze. Andika kwa karatasi kubwa, na herufi kubwa, mpe nasi aikopi, halafu usome penye ameandika kabla usaini. Fanya hivyo hata kama mtoi analia na umechoka.

Kwa hivyo uende hospitali jina ikiwa tayari. Wasee wengi wanasema watachagua wakimwona mtoi, na naelewa, haswa kwa jamii zenye zinangoja saa na hali ya hewa. Basi nenda na mbili: ile umechimba, na nafasi ya ile itakuja na siku. Familia za Kiislamu ziko na mpango mzuri hapa, akika siku ya saba, nywele inanyolewa, mbuzi inachinjwa, jina inatangazwa mbele ya watu. Hata kama wewe si Mwislamu, hiyo wiki ya kumwangalia mtoi na kumwita polepole ndani ya nyumba ni kitu ya maana, bora karatasi isichelewe.

Na hakuna sheria inakulazimisha uweke jina ya kizungu mbele. Watu bado wanaamini hivyo. Hiyo ilikuja na misheni, mtoto akibatizwa anapewa jina ya mtakatifu, na shule za misheni zikaifanya ionekane ndiyo jina ya ukweli. Wangari Maathai alipitia Miriam na Mary Josephine kabla arudi kwa Wangari yake, na Nobel ya 2004 ilienda kwa Wangari. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika vitabu vyake vya kwanza akiwa James Ngugi, akaiacha hiyo James njiani. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu azaliwe. Haisemi jina iwe ya wapi. Ukitaka Kache iwe ya kwanza, iwe ya kwanza. Na kwa mamathe wenye hawajaolewa, tangu Mahakama Kuu iamue 2016, jina ya babake mtoi inaweza kuingia kwa cheti bila mtoi kubaguliwa ju wazazi hawakufunga ndoa. Mtoi wako hana haja ya kuandikwa alama kwa nafasi ya baba.

Kitu imebaki ni ule vita ya nani ndiye mwenye kusema. Mathake bwana anataka jina yake, mathe wako anataka yake, dem ana yake, msee ana yake. Ushauri wangu ni mfupi. Mwenye alibeba mimba asikizwe kwanza, haijalishi kabila. Jina ya shosho ikae katikati kama si ya kwanza, ndio asiachwe nje. Na ile fupi, ya kuitwa kila siku, ichaguliwe na wazazi wawili peke yao, ju wao ndio wataita usiku mtoi akiwa na homa.

Sistangu na shemeji ndivyo walifanya. Mtoi alifika mvua ikinyesha, kwa hivyo dani wa Siaya akapata yake. Ya mbele ikatoka kwa ile hesabu ya hawe. Ni gani kati ya zile siandiki hapa, ni ya mtoi, atajitambulisha mwenyewe akiwa mkubwa. Hawe alipopigiwa simu kuambiwa, aliomba ashikiwe mtoi karibu na simu, akaita hiyo jina mara nyingi, polepole, vile alikuwa anamwita mamake mdogo.

Kama uko na mtoi njiani, piga simu ocha leo. Usingoje mwezi wa tisa, na usingoje matanga ndio uanze kuuliza shosho alikuwa na dada wangapi. Weka rekoda, mwambie ahesabu majina za wanawake wote anakumbuka, kutoka kwa mamake kuendelea nyuma, na umuulize kila mmoja alikuwa mtu wa aina gani. Halafu kaa na mwenzako mchague.